Mikono ya Mwalimu Sevelini

Jezi niliikuta chini kabisa ya sanduku la bati la mama, chini ya vitenge alivyokuwa akiviweka kwa sikukuu ambazo hakwenda. Zamani ilikuwa ya bluu. Siku hizi haina rangi unayoweza kuitaja. Niliinusa kabla sijaikunjua, kisha nikainusa tena, kwa sababu haikunuka mende wala vumbi kama vitu vingine vya sandukuni. Ilinuka sabuni ya mche na jua. Wa rika langu mnaijua harufu hiyo, ya nguo iliyoanikwa juu ya majani ikakauka ikawa ngumu. Mama yangu, kikongwe aliyeshindwa kuinua kopo la maji ya kunywa, alikuwa ameifua karibuni, akaianika, akaikunja na kuirudisha. Lini, na kwa nguvu zipi, sijui. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza na sikuwahi kumwona.

Sebuleni Deo, mtoto wa baba mdogo, alikuwa anaandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani. Kijana mzuri, ana mwandiko wa kupendeza na haraka ya watu wa siku hizi. Akanifuata chumbani na kalamu mkononi.

"Dada Tekla, hapa tuandike mama mkubwa ameacha watoto wangapi?"

Swali dogo kabisa. Nikainua mkono nimjibu kwa vidole, na vidole vikakataa kukubaliana.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. Nikakaa kitandani kwa mama na jezi mapajani. Mbele yake, kwa kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa mkono, kulikuwa na namba nne.

Kwa mama yangu mtoto hahesabiwi. Jambo hilo alitoka nalo Mpimbwe, kwa bibi zake, na mji wa Mpanda haukumtoa. Ukimuuliza ana watoto wangapi alijibu, "Wapo." Ukikazana, "Wapo, Mungu anawajua." Kuku alihesabu, madebe ya mpunga alihesabu, hata nyanya za jirani alizihesabu, ila watoto hapana. Alisema ukihesabu watoto kwa sauti kuna wengine wanaoisikia hesabu, na hao hupenda kupunguza.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kaka Filbert alikuwa amezaa watoto watatu, na wote watatu walikuwa Kasokola, kwenye ukingo wa shamba letu la mahindi, chini ya vituta vidogo ambavyo mgeni angedhani ni vya viazi. Tulipokwenda kupalilia hatukuruhusiwa kuvinyooshea kidole. Ukijisahau ukanyoosha, ulipaswa kuking'ata kidole hicho papo hapo, la sivyo kingeoza. Mimi nilikuwa msahaulifu, nikang'ata sana. Hakuna aliyewahi kunitajia majina yao.

Kisha akaja Filbert, akaishi, na mji mzima ukamwita mama kwa jina lake, Mama Filbert. Miaka mingi baadaye ndipo nikaja mimi. Baba alikuwa mtu wa reli, akafariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kaka akaacha shule akaenda kubeba mizigo stesheni, na sisi tukala kwa mgongo wake. Jioni akishamaliza kubeba magunia ya watu, badala ya kupumzika alikwenda kucheza mpira wa kikapu. Mama hakuelewa kabisa. "Mtu ametua gunia, anakwenda kurukaruka!" alisema, lakini maji yake ya kuoga aliyapasha.

Uwanja ulikuwa nyuma ya kanisa la misheni. Padri mmoja wa kizungu aliumwagia sementi kisha akarudi kwao, na mafundi wakachomelea vyuma viwili vya duara vikawa vikapu. Nyavu hazikuwepo. Mpira ukipita pale juu hukujua kama umeingia au umepita pembeni, kwa hiyo nusu ya mji ilibisha na nusu ilishangilia, mpaka refa aamue. Na refa wetu akishaamua, ubishi uliisha.

Alikuwa Mrundi, Mwalimu Sevelini, anayeishi Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, pamoja na wenzake waliokimbia mauaji kwao. Alikuja mjini kwa baiskeli, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, kibali chake cha kutoka makazini kimekunjwa mfukoni. Huko kwao alikuwa akifundisha mchezo huo shuleni. Tulichojua ni kwamba alifika kwetu na filimbi shingoni na hakufika na mtu. Kiswahili chake kilikuwa kichache na alikitumia kwa ubahili.

"Refa hana kinywa," aliwaambia kina kaka siku ya kwanza. "Kinywa ni filimbi. Maneno ni mikono."

Na mikono ile ilisema. Ngumi mbili zikizungushana mbele ya kifua, mtu ametembea na mpira. Kiganja kikishika kifundo cha mkono mwingine, mtu amemshika mwenzake. Ngumi moja ikipanda juu, ni rafu, na kila mtu anaganda pale alipo. Mkono wa pili unamwelekea aliyefanya, na kwa sheria za wakati ule aliyeelekewa ilimpasa anyanyue mkono wake mwenyewe, ili watu wa mezani wamwone na wasikosee. Kisha Mwalimu anageukia meza na kuonyesha namba ya jezi kwa vidole. Hakuharakisha. Alinyoosha mikono kama mtu anayeanika nguo za mwenyewe, kila kitu mahali pake.

Kaka alinifundisha lugha hiyo nyumbani, tukaifanya yetu. Mama akianza kutugombeza, kaka aliweka kiganja kimoja juu ya ncha za vidole vya mkono mwingine, alama ya mapumziko, mchezo umesimama kidogo, utaendelea. Mama alijifunza alama hiyo moja tu, na mara nyingi ilimshinda nguvu akacheka. Nyingine ilikuwa ya kwetu wawili. Kaka akichoka kutwanga, alipishanisha mikono kifuani, halafu akanivuta kwa kiganja kilicho wazi. Ndivyo refa anavyobadilisha wachezaji. Mimi natoka, wewe ingia. Nami niliingia, nikaushika mchi uliokuwa mrefu kunizidi, naye alikaa kwenye kigoda akinishangilia.

Kitu kimoja tu kilinitia hofu pale uwanjani. Mwalimu Sevelini alifika mapema kuliko wote, jua likiwa bado kali, na akiwa peke yake alichezesha. Alipuliza filimbi kwenye uwanja mtupu. Alikimbia pembeni kwa mstari, akasimama ghafla, akapisha kama kuna watu wanampita kwa kasi. Akapandisha ngumi. Akanyoosha mkono kwa mtu asiyekuwepo, akasubiri. Alisubiri muda wa kutosha mtu kunyanyua mkono. Kisha akageukia meza isiyo na mtu na kuonyesha namba. Watoto wenzangu walitoka mbio wakisema Mrundi anachezesha mizimu. Mimi nilibaki nyuma ya nguzo, nimebana mkojo, nikitafuta vivuli vya miguu kwenye sementi. Leo najua alikuwa anafanya mazoezi, mikono isisahau. Lakini sina hakika hata leo kwamba hakuwa anawaona watu.

Siku moja mama alikuja. Kaka alikuwa amemsihi, kulikuwa na mechi na timu ya Karema, naye akasimama nyuma ya umati na kanga mbili na uso wa mtu aliyelazimishwa. Filimbi ikalia. Ngumi ikapanda. Mkono wa Mwalimu ukamwelekea kaka yangu, na kaka, mtoto mtii, akanyanyua mkono wake juu mbele za watu. Mwalimu akaigeukia meza akaonyesha vidole vinne.

Nilimsikia mama akivuta pumzi. Kabla sijamshika kanga alikuwa ameshaingia katikati ya uwanja, viatu vya plastiki vikilia kwenye sementi.

"Mwalimu! Hebu nambie, mwanangu unamhesabia nini hadharani?"

Watu wakacheka. Kaka akasema, "Mama, jamani!" na kuinamisha kichwa. Mwalimu Sevelini hakucheka. Aliitoa filimbi mdomoni na kusogea karibu, maana ilikuwa wazi kwake kwamba huyu si mwehu.

"Mama, miye sihesabu mtoto. Nahesabu kosa. Mtoto ni wako, kosa ndiyo langu."

"Na hivyo vidole vinne?"

"Ni nguo yake, mama. Namba ya nguo."

"Kwa nini mnaanzia nne?" Sauti ya mama ilikuwa imeshuka, macho yakizipitia namba za jezi zote uwanjani. "Moja, mbili na tatu wako wapi?"

Mimi nilikuwa nimemfuata mama, nimesimama kati yake na Mwalimu, nikiwatazama kutoka chini, na niliona Mwalimu ameelewa kwamba haulizwi habari za nguo. Kweli yenyewe ni ya kawaida. Wakati huo jezi zilianzia nne kwa sababu kidole kimoja, viwili na vitatu refa alivihitaji kwa mambo mengine: mtupo mmoja wa adhabu, miwili, au sekunde tatu za kukaa chini ya kikapu. Angeweza kueleza hivyo. Badala yake aliitazama mikono yake.

"Hao hawavai nguo, mama. Wanabaki kwangu, mikononi."

Mama naye akaitazama mikono ile, mirefu, yenye vumbi la chaki.

"Haya," akasema. "Uwashike vizuri."

Akatoka uwanjani. Jioni ile aliichukua jezi ya kaka, akaifumua ile namba iliyoshonwa ovyo, akaishona upya kwa uzi wa maradufu.

Mimi, mtoto, niliyasikia maneno hayo nikayachukua kama yalivyo. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba ndugu zangu watatu hawako Kasokola tena. Wako kwenye vidole vya Mwalimu Sevelini. Hesabu ilikuja yenyewe: wao ndio moja, mbili na tatu, Filbert ni wa nne na amevaa nne, basi mimi ni tano. Kuanzia hapo sikukosa mchezo hata mmoja. Mwalimu akionyesha kidole kimoja, nilijua mkubwa wao ametoka kutembea. Vitatu vikinyooka pamoja nilitabasamu peke yangu, nikifurahi kwamba leo wametoka wote. Hofu yangu ya uwanja mtupu iliisha. Aliyekuwa anapishwa kwenye mstari alikuwa wa kwetu.

Kisha vita vikaanza kule Kagera. Kwetu ilikuwa habari ya redio, mbali, mpaka majina yalipoanza kusomwa na vijana waliopitia mgambo wakaitwa. Filbert alikuwa miongoni mwao. Mama hakulia mbele yake. Alimkaangia karanga, akazifunga kwenye kitambaa, akazifungua, akaongeza chumvi, akazifunga tena.

Stesheni ilijaa siku ile kama siku ya gulio. Mwalimu Sevelini naye alikuja, akanipandisha mabegani, kwa hiyo niliona vizuri kuliko wengi. Kaka alisimama kwenye mlango wa behewa. Jezi alikuwa ameiacha kwa mama, "Uifue, nitaikuta." Garimoshi liliposhtuka na kuanza kwenda, mama alijifunika uso kwa kanga. Kaka alitafuta kichwa changu juu ya vichwa vya watu mpaka akakipata. Kwa kuwa makelele yalikuwa mengi, alisema kwa mikono. Alipishanisha mikono kifuani. Kisha akanyoosha kiganja kwangu, kikiwa wazi, akakivuta kwake.

Mimi nilidhani ananiita. Nilidhani anataka nipande garimoshi, tuondoke naye. Niliteleza kutoka mabegani kwa Mwalimu na kukimbia kando ya reli nikilia jina lake, kokoto zikinichoma nyayo, mpaka behewa la mwisho likanipita na mama akanidaka kwa gauni. Alikuwa amefunua uso. Alimgeukia Mwalimu aliyetufuata akihema.

"Nilikuwa nimejifunika, nimeiona mikono ikishuka tu. Amesema nini mwanangu? We ndo unajua."

Mwalimu Sevelini alitazama njia ya reli. Sikuwahi kumwona akichelewa kutoa uamuzi, lakini hapo alichelewa.

"Amesema mapumziko, mama," akajibu. "Mchezo umesimama kidogo. Utaendelea."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Alama hiyo aliijua.

Vita viliisha. Vijana wengine wa mji walirudi, wamekonda, na watu wakawapokea kwa vigelegele. Filbert hakurudi, na jina lake halikuja miongoni mwa waliozikwa. Aliyeulizwa alisema walitenganishwa kwenye kuvuka mto, basi. Baba mdogo alikuja na wazee wawili wa ukoo kutaka matanga yawekwe, watu wa nyumba wanyolewe nywele, roho ya kijana itulie.

"Shemeji, asiyekuwepo na lake halipo," baba mdogo alisema kwa upole. "Tumlilie yaishe."

"Lake lipo," mama akasema. "Limeanikwa pale nje. Mwalimu mwenyewe kaniambia ni mapumziko, na yule hasemi uongo. Nimlilie mtu aliye mapumzikoni, nyie?"

Walirudi kama walivyokuja. Mimi nilikuwa mlangoni, nikiijaribu alama ile kwa vidole vyangu, kwa sababu mapumziko nilikuwa nayajua na siku ile sikuyaona. Nilianza kufikiri macho yangu yalikuwa na kasoro. Siku iliyofuata nilimvizia Mwalimu uwanjani, mapema, wakati wake wa peke yake.

"Mwalimu, siku ile kaka alifanya hivi," nikamwambia, na kupishanisha mikono yangu kifuani.

Alipiga magoti kwenye sementi ya moto, akanishika vifundo vya mikono, akaitenganisha taratibu. Kiganja changu kimoja akakilaza, vidole vya mkono mwingine akavisimamisha chini yake.

"Alifanya hivi, Tekla."

"Hapana, Mwalimu, mi nilimuona..."

"Hivi." Akaibana mikono yangu ndani ya yake, ikae hivyo. "Na miye nina mama, kule. Hajui kama ninaishi. Nataka awepo mtu wa kumwambia hivi."

Sikuelewa. Nilichoona ni kwamba analia, na kwamba akilia vidole vyake vimenishika mimi, na ndugu zangu wako humo. Nikatulia nisije nikawaangusha.

Baada ya hapo alikuja mjini mara chache, kisha hakuja kabisa. Wengine walisema amehamishwa, wengine walisema alivuka kurudi kwao kumtafuta huyo mama. Uwanja ukaota majani kwenye nyufa. Mimi nilipofika sekondari niliomba jezi namba tano, nikacheza vizuri tu, si ajabu wala aibu. Na ilikuwa huko, siku moja, nimekaa benchi, refa akapishanisha mikono, akanyoosha kiganja kwangu na kukivuta, mwenzangu wa namba nne akatoka akija upande wangu. Nilisimama nikashindwa kutembea. Kocha alidhani nimeumia mguu.

Filbert hakuwa ameniita garimoshini. Alikuwa ananiambia yeye anatoka, mimi niingie. Nyumba, kuni, mchi, mama. Alijua, na Mwalimu naye alijua tangu pale relini, na kati ya maamuzi yote aliyoyatoa hilo ndilo pekee la uongo. Kwa hilo moja mama yangu aliishi. Alipika wali wa mtu mmoja zaidi kila Krismasi. Alifua jezi. Nilimkasirikia Mwalimu miaka mingi kwa kumnyima mama machozi yake, na nilimpenda kwa jambo hilohilo, na vyote viwili bado ninavyo. Mama sikumwambia kitu. Niliingia, nikacheza.

"Dada?" Deo alikuwa bado amesimama mlangoni. "Paroko anausubiri. Niandike mmoja?"

"Andika wawili."

Alinitazama kwa huruma, lakini aliandika.

Makaburini, baada ya sala, katekista akatangaza, "Watoto wa marehemu waje mbele, wawili." Nilisogea peke yangu. Watu wakageuza shingo, wakatazama nyuma yangu, wakatazama na barabarani, kama ambavyo hutazamwa mtu aliyechelewa basi. Mimi nilikuwa nimeikunja jezi kwapani. Nikaiweka juu ya jeneza, namba ikitazama juu, kisha nikanyanyua mkono wa kulia, moja kwa moja juu ya kichwa, kama ilivyompasa aliyeitwa wakati ule, ili watu wa mezani wamwone na wasikosee. Nikatupa konzi ya udongo. Halafu nikapisha kidogo pembeni, nikasubiri muda wa kutosha mtu kuinama, nikatupa nyingine, ya kaka.